Historia ya Kanda ya Ziwa Mikononi mwa Watoto: Mchezo wa Ubao Darasani na Wajibu wa Kusema Ukweli

Mtoto anayekulia Igogo, jijini Mwanza, anaishi ndani ya kitabu cha historia ambacho bado hajafundishwa kukisoma. Akishuka kutoka kwenye nyumba zilizojengwa juu ya miamba ya mlimani, analiona Ziwa Victoria limelala mbele yake. Upande huo wa jiji iko bandari ya Mwanza Kusini, ambako ilijengwa meli ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini Februari 2023. Upande huo huo inapita reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora. Bibi yake huenda alizaliwa Ukerewe, babu yake huenda alilima pamba Kwimba au Magu, na jirani yao huenda alivuka Ghuba ya Mwanza kutoka Geita kuja kutafuta riziki. Hata hivyo, mtoto huyo akiulizwa historia ni nini, aghalabu atataja majina na miaka aliyoandikiwa ubaoni, na hatamtaja bibi, wala reli, wala ziwa.

Suala hili limepata uzito mpya nchini. Mtaala ulioboreshwa wa elimu ulianza kutumika Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, ikazinduliwa rasmi Dodoma tarehe 31 Januari 2025. Miongoni mwa masomo ya elimu ya msingi kuanzia darasa la III limo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mtaala huo unasisitiza ujenzi wa umahiri: mwanafunzi aweze kutenda na kupambanua, asiishie katika kukumbuka tu. Na kule kuunganisha historia na maadili katika somo moja ni kukiri jambo ambalo Mama Kanisa amelifundisha daima, yaani kwamba kumbukumbu ya taifa na dhamiri ya mtu havitenganishwi.

Lakini mtaala ni karatasi mpaka mwalimu ausimamishe mbele ya watoto. Mwalimu wa shule yenye msongamano, ambaye darasa lake linazidi kwa mbali kiwango cha wanafunzi 45, anawezaje kujenga umahiri huo? Kati ya njia zinazopendekezwa na wanaelimu katika nchi mbalimbali, tungependa kuitafakari moja ambayo ina gharama ndogo na inaweza kuzaa matunda mengi, ila ina hatari zake pia: mchezo wa ubao unaochezwa darasani kwa makundi, ambapo watoto husogeza kete juu ya ramani ya nchi yao na kuzipitia upya hatua za historia yake.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1759 John Jefferys alichapisha London mchezo wa safari ya kuzunguka Ulaya, uliokusudiwa kuwafundisha watoto jiografia. Katika karne hiyo hiyo padre Mfaransa, Gaultier, alijulikana kwa kufundisha watoto jiografia na historia kwa njia ya michezo. Nasi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Bao, ambalo Wasukuma huliita isolo, limewafundisha wazee wetu kuhesabu, kusubiri na kuona mbele. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na anayelicheza kwa pupa hulala njaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifahamika kwa kulipenda. Vijana wa mitaa yetu hucheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha ubao, na mtu mzima akipita husimama na kushauri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuona mchezo wenye kiasi kuwa sehemu ya fadhila, kwa kuwa roho nayo huchoka na kuhitaji pumziko kama mwili. Kwa hiyo mwalimu anayewaruhusu watoto kucheza darasani hafanyi uzembe. Swali la kuuliza ni moja: mchezo huo unafundisha nini?

Hapa ndipo tunapopaswa kupambanua. Kuna mchezo unaovaa nguo za historia tu. Mtoto anarusha dadu, anatua kwenye namba, anasoma swali, “Reli ilifika Mwanza mwaka gani?”, anajibu, anasonga mbele. Mchezo wa namna hiyo unafurahisha kwa dakika chache, lakini ni kukariri kule kule kuliko badilishwa sura. Kuna mchezo wa namna nyingine, ambao kanuni zake zenyewe ndizo somo. Ndani yake mtoto hukutana na uamuzi ambao watu wa zamani walikutana nao, huchagua, kisha huona matokeo.

Tuchukue mfano wa pamba, zao lililojenga uchumi wa Usukuma. Kabla ya ushirika, wakulima walilalamika kwa muda mrefu kuhusu mizani ya wanunuzi. Mtu alileta pamba yake, ikapimwa mbele ya macho yake, naye hakuwa na namna ya kujua kama kipimo ni cha haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe na kuunda vyama. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani pamoja na wenzake, ukazaliwa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa mojawapo ya vyama vikubwa zaidi vya ushirika barani Afrika.

Namna gani mtoto wa darasa la V ataelewa jambo hilo? Tuwaweke watoto sita kuzunguka kadibodi. Wanne ni familia za wakulima, mmoja ni mnunuzi, mmoja ni mpimaji. Katika mzunguko wa kwanza kila familia inauza peke yake, na mnunuzi anasoma uzito kwenye kadi ambayo wengine hawaruhusiwi kuiona. Katika mzunguko wa pili wakulima wanaweza kumwajiri mpimaji kwa kete nne. Familia moja ikimlipa peke yake, itabaki bila akiba. Zote nne zikichangia kete moja moja, kila moja inapata kipimo cha haki kwa gharama ndogo. Hakuna mwalimu atakayelazimika kuandika ubaoni tafsiri ya neno “ushirika”. Watoto wenyewe wataanza kubishana: nani hajachanga, nani anataka kupimiwa kwa kete za wenzake, nani aaminiwe kushika hazina. Hayo ndiyo mabishano yaliyofanyika chini ya miti vijijini miaka zaidi ya 70 iliyopita.

Mchezo kama huo ukiishia kwenye ushindi utakuwa umedanganya, kwa hiyo mzunguko wa tatu ni wa lazima. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na serikali mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wakulima waliwahi kuumizwa na vyama vyao wenyewe kama walivyoumizwa na wanunuzi. Mtoto na ajue kwamba chombo chema kinahitaji watu waadilifu, na kwamba mizani ya uongo ni chukizo mikononi mwa yeyote aishikaye. Vilevile kuna tahadhari nyingine. Wanunuzi wengi wa wakati ule walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, waliofanya kazi chini ya sheria, leseni na bei zilizopangwa na serikali ya kikoloni. Darasani Mwanza anaweza kuwapo mtoto wa jamii hiyo. Kwa sababu hiyo nafasi ya mnunuzi izunguke, kila mtoto aishike kwa zamu, ili aonje jinsi ilivyo rahisi kudhulumu pale ambapo hakuna anayekuona. Somo la historia linalozaa chuki dhidi ya mwenzako wa dawati limeshindwa, hata kama tarehe zake zote ni sahihi.

Tukisema hivi tunafikia hatari zenyewe, na tunataja tatu.

Hatari ya kwanza ni dadu. Wazazi wengi wa mitaa yetu wamewaona watoto wakisimama mbele ya mashine za kubahatisha na sarafu waliyopewa kununulia daftari, na wamewaona vijana wakipoteza ujira wa siku katika kubeti. Mzazi akisikia kwamba mwanawe amerusha dadu shuleni, ana haki ya kushtuka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki haisemi kwamba michezo ya bahati ni ovu kwa asili yake. Inaonya pale inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, na pale inapomfanya mtumwa. Hata hivyo kuna sababu ya kielimu ya kuliacha dadu kabatini. Dadu humfundisha mtoto kwamba mambo hutokea tu. Historia ya Kanda ya Ziwa haikutokea tu. Ilitokana na watu walioamua, waliovumilia, waliodhulumu na waliotubu. Bao letu linajua hilo tangu zamani: halina dadu, na kila kete inayoondoka shimoni imeondolewa na mkono wa mtu anayewajibika.

Hatari ya pili ni kumfanya mtu kuwa kete. Michezo mingi ya kununuliwa dukani humpa ushindi mwenye mali nyingi. Ukitengeneza mchezo wa misafara ya karne ya 19 kwa kanuni hiyo, atashinda mwenye meno mengi ya tembo, na wapagazi na watu waliotekwa watakuwa vihesabio tu juu ya ubao. Mtoto atakuwa amecheka na kupiga makofi juu ya jambo ambalo babu zake walililia. Kanuni na igeuzwe. Mchezaji awe mpagazi, Msukuma au Mnyamwezi, mwenye mzigo wa kilo 30 hivi kichwani na safari ya miezi kadhaa mbele yake. Na swali la mchezo liwe namna ya kufika mzima na namna ya kutomwacha mwenzako aliyeugua njiani.

Hapa Kanisa letu halina budi kujisoma lenyewe kwa ukweli. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alilitazama ziwa hili kutoka Mwanza na kulipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji wake waliliita Nyanza na walikuwa wamevua samaki humo tangu enzi na enzi. Mwishoni mwa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, walifika Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo, na Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walikuwa wamekwisha kuvuka kwa mtumbwi hadi Uganda. Mwaka 1883 misheni ya Bukumbi ilianzishwa, na hapo wamisionari walipata kimbilio wakati mambo yalipokuwa magumu ng’ambo ya ziwa. Tunasimulia hayo kwa shukrani. Lakini nani alibeba masanduku yao kutoka Bagamoyo? Nani alipiga makasia? Historia ya imani yetu ina miguu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa, na mtoto wa Utoto Mtakatifu anastahili kuwasikia watu hao pamoja na Padre Lourdel. Tarehe 21 Novemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua kuhusu kufanya upya masomo ya historia ya Kanisa, akitahadharisha dhidi ya kulifikiria Kanisa kana kwamba ni la malaika, lisilo na madoa wala makunyanzi. Tukiitii tahadhari hiyo, hatutauogopa mchezo unaowauliza watoto maswali ambayo sisi wakubwa tuliyaruka.

Hatari ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi. Katika michezo ya ubao kuna nafasi za bahati mbaya: mchezaji akitua hapo anarudi nyuma hatua tatu au anapoteza zamu. Sasa tuchore ziwa letu. Tuweke wapi asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza? Makadirio mengi hutaja vifo vya zaidi ya watu 800. Meli ilikuwa imebeba abiria wengi kupita kiasi. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, na mnara wa kumbukumbu yao upo hapo. Tuweke wapi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 kupoteza maisha? Katika darasa la watoto 90 mjini Mwanza, yaelekea wapo ambao nyumbani mwao kuna picha ukutani ya mtu ambaye hakurudi. Je, mtoto huyo atue kwenye nafasi hiyo na kuambiwa “rudi nyuma hatua tatu” huku wenzake wakicheka?

Wapo watakaosema, kwa nia njema, kwamba basi tukio hilo lisiwekwe. Hatukubaliani nao. Ramani ya ziwa isiyo na Igoma ni ramani ya uongo, na mtoto asiyejua kwa nini meli ilizama atakua na kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi bila kuuliza neno. Tunapendekeza njia ya katikati. Juu ya ubao iwepo nafasi moja isiyochezwa. Kete zikifika hapo zinalazwa, kundi zima linanyamaza kwa muda, mwalimu au mtoto mmoja anasimulia kwa maneno machache kilichotokea na kwa nini kilitokea, na anayetaka kusali anasali kwa namna ya dini yake. Kisha mchezo unaendelea, na hakuna aliyepata wala kupoteza kitu. Hivyo watoto watajifunza kwamba kuna mambo katika historia ya binadamu ambayo hayana mshindi, na kwamba mtu mstaarabu anajua wakati wa kuweka kete chini.

Msomaji anaweza kuuliza kama haya yote yanawezekana katika mazingira yetu. Darasa la watoto 90 ni makundi 15 ya watoto sita. Ubao mmoja ni kadibodi ya boksi lililokwisha kutumika, kalamu ya wino mzito na vizibo vya soda. Kanuni huandikwa mara moja na kunakiliwa. Kinachokosekana mara nyingi ni saa za mwalimu, kwa kuwa kutengeneza mchezo mzuri ni kazi ya jioni nyingi, na mwalimu wetu ana madaftari 90 ya kusahihisha na familia ya kulisha. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa mabegani mwake peke yake. Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, walifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mzazi wa Igogo anayefanya kazi bandarini au sokoni anaweza kuona kwamba hana cha kumfundisha mtoto historia. Kumbe anacho. Yeye au mama yake anakumbuka bei ya pamba, foleni ya kivuko, ujio wa sangara na namna alivyobadilisha maisha ya mwaloni.

Kanda yetu ina shahidi mkubwa wa kazi hii ya kukusanya. Aniceti Kitereza, Mkatoliki wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896, aliona maisha ya wazee wake yakififia, akaandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na kuikamilisha mwaka 1945. Ilimlazimu kusubiri miaka 35 ili kitabu hicho kichapishwe kwa Kiswahili, na akafariki mwaka uliofuata. Naye Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliwasaidia Wasukuma kuhifadhi vitu na simulizi zao Bujora, Kisesa, ambako makumbusho yapo hadi leo. Watu hawa wawili hawakungoja mtaala.

Basi tunatoa mapendekezo mahususi. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza, katika kipindi kimoja cha mwaka, kumwalika mzee mmoja asimulie namna familia yake ilivyofika mjini, na vijana wakaandika. Walimu Wakatoliki wa parokia moja wanaweza kukutana wakati wa likizo, pamoja na wenzao wa madhehebu na dini nyingine, wakachora ubao mmoja wa ziwa na kuujaribu na watoto wa Utoto Mtakatifu kabla ya kuupeleka darasani. Vituo vyake vinajulikana: Kageye, Bukumbi, Mwanza ya reli, Ukerewe ya Kitereza, Geita ambako watu walivuka mwaka 1958 kuja Mwanza kupinga baraza walilolazimishiwa na wakoloni, Igoma, na Kigongo hadi Busisi, ambako tangu Juni 2025 lipo daraja la kilomita 3 linalopita juu ya ghuba ile ile. Waliounganika kwa hatari na waliounganika kwa saruji ni watu wale wale, na mtoto akiisogeza kete yake kutoka Geita hadi Mwanza atakuwa amewaunganisha kwa kidole chake.

Na mwalimu akishaukunja ubao, na awape watoto kazi moja ya nyumbani: kila mmoja amwulize mtu mzima wa nyumbani kwake, kwa heshima, ni kituo gani kimesahaulika. Jibu litakalorudi kesho yake liandikwe kwa kalamu juu ya kadibodi ile ile. Mchezo huo hautamalizika mwaka huu, na hilo si dosari yake.